Kwanza Hoja ya Mpinzani

Tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo, ingawa kuna wakati nilimwita majina mengine ambayo hayaandikiki. Alikuwa Mzanzibari mrefu, mwembamba, miwani yake imegandishwa kwa gundi upande mmoja, na alifundisha historia katika shule ya watoto wa wageni mjini Riyadh. Mimi nilikuwa dereva wa basi dogo lililowachukua walimu asubuhi na kuwarudisha alasiri. Ukoo wake, mtaa aliozaliwa, alikosomea, mengine niliyasikia na mengi nimeyasahau, na hayasaidii kitu. Ninachotaka kueleza ni jinsi mtu mwema kuliko wote niliowajua Uarabuni alivyonikosesha maiti ya ndugu yangu, kisha baada ya miaka akafanya lililo baya zaidi. Yote mawili aliyafanya kwa nia safi, na hilo ndilo linalonichosha.

Alikuwa na mambo yake. Kiti cha mbele kilikuwa chake na hakuna mwalimu mwingine aliyekikalia. Si kwamba alikidai. Ukikikalia alisimama mlangoni akikuomba radhi kwa kukusumbua, akaomba tena na tena, mpaka ukaona haya ukahama mwenyewe. Chai hakutia sukari hata punje, halafu alikula tende moja baada ya nyingine na kusema hizo si sukari. Insha za wanafunzi alizisahihishia garini, magotini, na sentensi mbovu aliisoma kwa sauti kwa huzuni, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Adhana ikitukuta njiani nilisimama kwenye kituo cha mafuta chenye msikiti, naye kabla ya kushuka aliniambia nisizime kiyoyozi kwa ajili yake. "Usijitese kwa ibada yangu, bwana," alisema, kila siku, kwa maneno yale yale. Akirudi, soksi mkononi, aliendelea na mazungumzo kutoka pale pale alipoyakatia.

Uongo hakuuweza kabisa. Kuna asubuhi mwalimu mmoja wa hesabu alichelewa, akampigia mkuu wa shule kusema basi lilikwama kwenye foleni, na basi lilikuwa limesimama mlangoni kwake likimngoja. Alipopanda akamwomba Mwalimu aunge mkono maneno yake tukifika. Mwalimu akaendelea kusahihisha insha. Tulipofika, mkuu wa shule alisimama getini, akauliza kama kweli kulikuwa na foleni, na Mwalimu akasema hapakuwa na foleni, akapita kwenda darasani. Yule wa hesabu hakumsemesha muhula mzima. Nilimwambia Mwalimu kwamba angeweza tu kunyamaza, naye akashangaa kwa dhati, kwa sababu aliulizwa.

Lakini lililomfanya awe yeye lilikuwa jambo jingine. Hakumruhusu mtu kusema rai yake kabla hajasema rai ya anayepingana naye, na aiseme vizuri kiasi kwamba yule mpinzani mwenyewe akisikia aseme naam, ndivyo ninavyofikiri. Darasani aliwafanyia hivyo watoto wa Kisudani, wa Kipakistani, wa Kifilipino. Garini alinifanyia mimi. "Kwanza hoja ya mpinzani," alisema, na kidole juu. Kulikuwa na masharti: usidhihaki, usiweke neno la kipumbavu mdomoni mwa mwenzio, na usiseme lolote ambalo wewe mwenyewe unajua si kweli. Ukishamaliza hapo ndipo unapewa ruhusa ya kujibu. Siku moja gari lilinichomekea barabara ya mzunguko tukakoswakoswa kufa, nami nikawa natukana kwa lugha tatu, naye akanitaka nimtetee dereva yule. Nikamtetea, kwa hasira mwanzoni. Labda ana mgonjwa, labda kafili wake, mwajiri anayemdhamini nchini, anampigia simu, labda ni mgeni hazijui njia. Nilipomaliza sikuwa na hasira tena, na hilo nalo lilinikera, maana hasira ile ilikuwa haki yangu.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa ugomvi wa zamani wa Wazungu. Kulikuwa na zama, alieleza, ambapo Ulaya watu walichomana moto kwa sababu ya namna ya kusali, wote Wakristo, wote wenye Kitabu kimoja. Nikamwambia, Mwalimu, hao ni watu wa dini yangu unaowasema. Akasema ndiyo maana ananiambia mimi. Katika moshi ule, akasema, walitokea wachache waliokaa chini wakaandika kwamba sasa inatosha. Majina yao hakunisumbua nayo. Alikuwa na Mwingereza wake aliyekimbilia Uholanzi, na Mfaransa wake aliyekimbilia Uholanzi vilevile, na Myahudi aliyesaga vioo vya darubini ambaye jamaa zake wenyewe walimtenga. Aliwazungumzia kama majirani waliohama mtaa.

Mwingereza ndiye aliyenifungua macho kwanza. "Niamrishe ninyanyue mkono, ntanyanyua," Mwalimu alisema, akaunyanyua, kiganja kikagusa dari ya basi. "Sasa niamrishe niamini kuwa barabara hii ni bahari. Nipige. Nifunge. Ntasema naamini, lakini siamini, na hata mie mwenyewe nkitaka kukuridhi siwezi." Kwa hiyo fimbo ya mfalme inafika kwenye ulimi na kuishia hapo. Mfalme hajapata muumini, amepata mtu anayesema asiloliamini, na kazi hiyo ameifanya yeye. Halafu wafalme wenyewe hawaafikiani. Kila mmoja akipewa haki ya kulazimisha dini yake, basi mtu ataokoka au atapotea kwa kutegemea mama yake alijifungulia upande gani wa mto. Mimi kwetu ni Bungoma, mpaka wa Uganda hauko mbali, hilo nilielewa haraka.

Mfaransa nilimpenda zaidi. Yeye alimtetea hata aliyekosea, mradi amekosea kwa moyo mweupe. Mwalimu alinipa mfano wa kidereva. Umepewa mzigo, umeuliza njia, umetafuta, ukaufikisha kwa uaminifu nyumba isiyo yake. Mwenzako kaufikisha nyumba sahihi, lakini alikuwa akitaka kuuiba akakosa nafasi. Yupi mwaminifu? Mfaransa yule aliandika akiwa salama ng'ambo, na watawala wa kwao waliposhindwa kumpata wakamkamata ndugu yake, wakamtia gerezani, wakamwambia abadili dini atoke. Hakubadili, akafia humo. Sehemu hiyo Mwalimu aliisimulia kwa sauti ya chini kila mara, na kila mara nilimhurumia aliyekufa. Wa kuhurumiwa zaidi ni aliyebaki, lakini wakati huo sikulijua hilo.

Ijumaa alikuja kwetu Al-Sulay, katikati ya maghala, tulipokuwa tumepanga Wakenya watupu, madereva, walinzi, wapakia mizigo. Asubuhi sisi Wakristo tulisali chumba cha ndani, sauti chini, mlango umefungwa na redio imewashwa. Baada ya sala ya Ijumaa Mwalimu aliwasili na mfuko wa tende. Mara ya kwanza watu waliogopa. Mkubwa wetu wa nyumba, mlinzi mmoja kutoka Machakos, mtu wa maneno machache, alimuuliza wazi kama ametumwa. Mwalimu akamwambia anajua tunachofanya asubuhi, hakuja kukitazama wala kukizuia, amekuja kula. Wakacheka, na tangu hapo sahani yake iliwekwa bila kuulizwa. Alikula ugali wetu kwa taabu kubwa na kuusifu kwa ukarimu mkubwa zaidi, na hapo tu ndipo niliposhuku kwamba labda anasema uongo.

Siku moja huyo mlinzi alimuuliza kama hao Wazungu wake walimwachia kila mtu kweli. Mwalimu akavua miwani. Alisema hapana, na hiyo ndiyo aibu yao. Mwingereza yule aliwaacha nje wasiomwamini Mungu, kwa kuwa kiapo chao hakiwashiki, na akawaacha nje wenye kumtii mkuu wa dini aliye nchi ya mbali. Kila aliyeufungua mlango, alisema, alibakisha mtu mmoja nje.

"Na wewe, Mwalimu?" mlinzi akauliza. "Wewe unabakisha nani?"

"Mnafiki," akasema, hapo hapo. "Mwenye dini yoyote na aje tukae. Asiye na dini aje. Mwenye kusema kwa ulimi lisilokuwamo moyoni, huyo sina pa kumkalisha."

Nilimwambia hiyo si haki. Kama fimbo ndiyo inayotengeneza wanafiki, kwa nini yeye achukie kilichotengenezwa badala ya fimbo? Akasema swali zuri, atalifikiria. Nadhani alilifikiria kweli, lakini moyo wake haukubadilika. Na aliyekuwa amekaa karibu naye kuliko wote jioni ile, akimmenyea chungwa, alikuwa mdogo wangu Barasa.

Barasa nilimleta mimi Saudia, akafanya kazi ya kupakia kwenye ghala, kazi ya kuvunja mgongo kwenye joto lisilosemeka. Alikuwa na leseni ya magari makubwa na alitaka kuendesha. Basi ikatokea kampuni moja ya Jeddah inatafuta madereva wa kuwapeleka mahujaji, na njia ile inaingia Makka, kwa hiyo dereva sharti awe Mwislamu. Barasa hakuniuliza mimi. Alimwendea Mwalimu, akamwambia anataka kusilimu.

Mwalimu alimuuliza sababu. Akajibu ameamua. Akamuuliza kama ni kwa ajili ya kazi. Akajibu tena ameamua. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba hakuwa na haki ya kuuliza mara ya tatu, kwa kuwa hakuna aliyepewa dirisha la kuchungulia kifua cha mwenziwe, basi akampeleka, akasimama shahidi, Barasa akatamka shahada. Mimi Barasa aliniambia kwa simu huku akicheka. "Bro, ni ya kazi tu, usimwambie mathe." Nilimwambia mama siku hiyo hiyo, maana sikuona namna ya kumficha. Alilia kidogo, akauliza kama anakula vizuri.

Na hapa ndipo utaiona ile kombo ya Mwalimu. Sisi tuliobaki Wakristo alitupenda kama kawaida. Huyu mmoja aliyemfuata kwenye dini yake, alimshuku. Alimfundisha kusali, neno kwa neno, kwa subira yote, lakini hakumpigia simu tena alipohamia Jeddah, na Barasa akituma salamu alizipokea kwa ubaridi. Nilimwona kijana anaumia. Baada ya miezi michache alikoma kunitania kuhusu mambo ya dini. Nikampigia mchana akawa amefunga, wala haikuwa Ramadhani. Nikamuuliza amekuwa nini sasa. Akasema, "Wacha tu, bro. Siku moja nitakuelezea." Hakunielezea. Lori lilimgonga barabara ya Makka akibadilisha tairi, abiria wake wote wakiwa wamekaa salama ng'ambo ya ukingo, alikowapeleka yeye.

Mama alitaka kitu kimoja tu. Alitaka alazwe nyumbani, kando ya baba. Kwetu mtu asiyezikwa nyumbani hajafika, na mama yake hakai kitako. Lakini maiti haiondoki bila barua ya kafili, na kafili wa Barasa alikuwa mzee mmoja wa Jeddah ambaye madereva wake walimwita baba, na hawakumwita hivyo kwa woga. Mzee aliona Barasa ni Mwislamu, na Mwislamu huharakishwa kaburini, azikwe alipofia, wala asipakiwe kwenye sanduku kupelekwa kwa watu wasiomsalia. Aliona kufanya vingine ni kumdhulumu marehemu. Nilimpigia magoti, na simaanishi kwa maneno. Akaninyanyua, akalia pamoja nami, akasema kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe: niletee mtu anayeijua dini na anayewajua nyinyi, na atakalosema nitalifuata.

Nani mwingine? Nilitoka pale nikimshukuru Mungu. Mwalimu alipanda ndege ya kwanza. Uwanjani nilimwomba aseme jambo moja dogo tu, kwamba Barasa alimwambia hakusilimu kwa moyo. Akasema hakuambiwa hivyo. Nikamwambia mimi niliambiwa. Akasema basi niseme mimi, yeye atasema anayoyajua, na anayoyajua yanatosha, nisiogope. Mimi nilikwisha kulisema mara kumi na mzee hakunisikiliza, kwa kuwa nilikuwa ndugu wa Kikristo na nina langu la kutaka. Lakini nilimwamini Mwalimu. Sijawahi kumwona akishindwa hoja.

Ofisi ilikuwa Al-Baghdadiyah, juu ya duka la mazulia. Tulikaa, tukapewa kahawa. Mzee akamwambia Mwalimu, tafadhali ustadh. Na Mwalimu akaanza kama alivyoanza maisha yake yote.

Kiarabu changu ni cha barabarani, nilishika kipande hapa na kipande pale. Baadaye alinitafsiria yote. Alisema: mtu mwenye akili timamu alitamka shahada, nami nilisimama shahidi. Hapakuwa na fimbo juu ya kichwa chake. Sisi binadamu tunahukumu lililo wazi, la moyoni ni la Mungu peke yake. Tukianza kumfungua maiti kifua na kusema ndani alikuwa mwingine, basi hakuna Mwislamu atakayelala salama kaburini, wala Mkristo. Hawezi tena kusema neno jingine, kwa hiyo neno lake la mwisho liheshimiwe. Na mtu ana haki ya kuzikwa na watu aliowachagua, si watu waliomzaa.

Zilikuwa hoja za Mwingereza na Mfaransa, zote mbili, kwa Kiarabu kizuri kilichonyooka. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kukubali, Mungu anisamehe, nikiona mambo yanakwenda vizuri, maana niliona machozi kwenye macho ya mzee.

Mwalimu akanyamaza kupumua. Ule ndio mpumuo aliouzoea, kati ya upande wa kwanza na wa pili. Darasani watoto wote waliujua. Mzee hakuwa mtoto wa darasa lake. Alisimama, akamjia, akambusu kipaji cha uso, akasema Mungu amlipe, halas, yamekwisha, ameipumzisha roho yake, na akatoka kwenda kutoa amri mwili ukaoshwe.

Mwalimu alimkimbilia ukumbini, nami nyuma yake. Alisema bado hajamaliza, hiyo ilikuwa ya mpinzani. Mzee akageuka, akamuuliza kwa adabu kabisa: ulilolisema, ni kweli au si kweli?

Aliulizwa. Akasema, "Ni kweli."

Mzee akamuuliza, basi kimebaki nini? Akampapasa bega, akaenda zake. Barasa alizikwa baada ya sala ya alasiri. Nilisimama nyuma nikiangalia wanaume nisiowajua wakimzika ndugu yangu kwa heshima kubwa, kila mmoja akitupa mchanga kwa mkono wake, na nikatamani wangekuwa wabaya ili nipate wa kumchukia.

Nikampata Mwalimu. Pale nje, gari zimepangwa juani, nilimwambia anieleze hicho alichobakisha, na akanieleza. Angesema kwamba fimbo ilikuwapo. Kazi iliyofungiwa nyuma ya dini ni fimbo, hata kama aliyeifunga hakukusudia kumpiga mtu. Angesema kwamba kwa kuwa hatujui la moyoni, tusijifanye tunajua, si hapa wala kule. Roho tumwachie Mungu, anaijua, na mwili apewe mama, maana yeye ndiye pekee ambaye madai yake hayahitaji dini yoyote. Ilikuwa nzuri kweli. Yule mzee angeandika barua kabla kahawa haijapoa. Nilimwambia Mwalimu asinisemeshe tena katika dunia hii, na nikamwacha amesimama pale.

Mama ilibidi apewe neno. Nilimwambia kwamba Barasa alikuwa Mwislamu wa kweli, alifunga, alisali, na amezikwa na watu wake kwa heshima. Sikujua kama ni kweli. Sikujua pia kama ni uongo. Wazee walipotaka kufanya kama inavyofanywa kwetu kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana, wakazike shina la mgomba mahali pake, mama alikataa. Alisema mgomba ni wa aliyepotea, na mwanawe hakupotea, ana watu wake na wamemzika. Kwa maneno hayo aliamka asubuhi, akalima, akaendelea kuishi.

Miaka ilipita hivyo. Riyadh treni ya mjini ilianza, shule ikaajiri madereva wengine, nikahamia kampuni ya maji. Nilisikia Mwalimu aliacha shule mwaka ule ule akahamia Jeddah bila kumwambia mtu sababu. Hayo hayakunihusu. Kisha mwaka huu mama akaugua, ugonjwa wa kumaliza, na akasema anataka kuongea na yule mwalimu aliyekuwapo siku ya maziko. Nilimtafuta kwa shingo upande nikampata Kandara, karibu na kilipokuwa kituo cha zamani cha mabasi, ghorofa ya juu, chini wanauza masanduku ya safari.

Alikuwa amezeeka vibaya. Mkataba wake wa mwisho ulikwisha, alikuwa anangoja karatasi za kuondoka nchini, na nilipoingia alinishika mkono akabaki ameushika. Kitanda, jiko la umeme, mswala. Aliniambia kwamba kila Ijumaa huenda makaburini. Makaburi ya pale hayana majina, lakini la Barasa analijua, na alihamia Jeddah kwa ajili hiyo na si kwa lingine. Akasema alimwonea Barasa, alimbakisha nje ya mlango pale alipohitaji kukaribishwa, na tangu kijana alipohama Riyadh mpaka anakufa hawakuzungumza hata mara moja. Nilikuja na maneno makali niliyoyapanga njia nzima. Sikuyatumia. Niliketi kitandani nikalia, na yeye akakaa sakafuni.

Alasiri tulimpigia mama. Niliweka sauti ya wazi na kumpa Mwalimu simu. Mama alimwamkia, akamshukuru kwa kusimama na mwanawe, akamuuliza afya yake, mambo yote ya heshima, kwa sauti iliyobaki nyembamba kama uzi. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi siko mbali na kwenda. Niambie ukweli tu. Barasa alikufa akiwa wa nani?"

Nilimngoja aanze na upande wa pili. Hakuanza. Alinitazama, akaitazama simu, na akajibu bila kusita.

"Wenu, mama. Hakuwa ameacha dini yenu hata siku moja. Ilikuwa kwa ajili ya kazi. Aliniambia mwenyewe, kabla hajafa."

Muda mfupi tu uliopita alikuwa ameniambia hawakuzungumza. Mtu huyu, ambaye hakukubali hata foleni isiyokuwapo. Neno nililomsihi aliseme uwanja wa ndege, ambalo lingemfikisha ndugu yangu nyumbani, alilisema sasa, katika chumba cha Kandara, na machozi yakimtiririka kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. Alidhani mama Mkristo hutaka kusikia nini kingine? Nilinyoosha mkono nimnyang'anye simu, na nikachelewa.

Kwenye simu nilisikia kuku wa nyumbani, na mtu akichota maji.

"Kwa hivyo mlimzika na watu wasio wake," akasema.

"Mama," Mwalimu alianza.

"Miaka yote hii nawaambia watu kijana wangu amelala na wake. Na alikuwa wetu." Alipumua, akapumzika, akapumua tena. Sauti ilipokuja haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeamka na kuona kuna kazi ya kufanya. "Basi mleteni. Mimi nitangoja. Nitawaambia wachimbe leo, kando ya baba yake."

Mwalimu alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Aligeuka akaniangalia mimi, mdomo wazi, akinisubiri nimpe cha kusema. Mama akauliza kama bado tuko kwenye laini. Kisha akauliza, kwa upole, kama tutamfikisha kabla mvua hazijaanza.